Chuma ya Gari Juu ya Fromaji ya Mama Mukwe

Mpendwa mama mushauri, naomba msaada, maana haya imenifunga kinywa. Niko shofere, nabeba bamama na fromaji yao, ile jibini ya maziwa, toka Masisi, na mwaka jana fundi Nestor aliniambia, kaka, hii katalizeri chini ya gari inaziba pumzi ya motere, tuitoe, utapanda milima kama mbuzi, nikakubali, akaweka bomba tupu, na ile chuma vile iko nzito nikaipelekea mama mukwe, Nyiransengimana, akandamize nayo fromaji, akaifunga mu kitambaa, akanibariki, lakini tangu hapo bamama banashuka kichwa inauma, na juzi Josiane, muke wangu mwenye mimba, alizimia kwa kiti ya nyuma, aliamka, ila amekataa kupanda tena, na Nestor mwenyewe sasa anasema turudishe chuma, lakini zawadi ya mama mukwe hairudi, hata kumutazama usoni siwezi, nifanye nini?

Mukwe mwenye haya

Mwanangu, haya yako ilikuwa inatafuta kuua muntu. Nimesema, imeisha.

Sikusoma, lakini moto naujua. Kuni mbichi inajaza nyumba moshi, makaa hapana. Ile chuma ndani iko na matundu kama sega la nyuki. Moshi wa motere unapita mule na joto, mabaki inaungua mara ya pili, sumu inapungua. Na sumu yenyewe, ile kali haina hata harufu. Njo hiyo ilipenya kwa tundu za bomba, ikamulaza Josiane.

Jina umeficha, lakini gari ya fromaji yenye mulango wa rangi ya bleu, tuko na ngapi? Jana nilipanda mulima kwa mama mukwe wako. Alicheka mpaka akaketi. "Dada, mwaka muzima nakandamiza fromaji na tumbo ya gari?" Niliposema Josiane alizimia, kicheko kikakatika. Akaifungua kitambaa yeye mwenyewe. "Zawadi hairudi," akasema, "lakini inabadilishwa."

Basi leo Josiane aende dispensaire, muganga amupime yeye na mimba. Kesho chagua jiwe zito mutoni, ulioshe, umupe kwa mikono miwili. Chuma inakungoja kwa mulango wake. Nestor aipime kama ingali nzima, abadilishe buji za kuwasha moto wa motere, maana mafuta isiyowaka inaharibu ile chuma, na azibe kila tundu la bomba. Na usiwashe motere mu nyumba imefungwa: sumu inapungua, haiishi.

Jumapili nitakaa kwa kiti ya nyuma, kati ya Josiane na mama yake. Bamama kumi na moja banaulizia nafasi tayari. Wewe shika usukani tu. Kuimba ni kwetu.