Mume Wangu Aliiseti Bunduki Mita Kumi, Lawama Nikabeba Mimi

Mama Debora, shikamoo. Nakuandikia nikiwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe, na naomba unishike mkono kabla sijaropoka mahali pasipofaa au kuvunja nyumba yangu kwa pupa. Naishi upande wa Kolo, na mimi na mume wangu Mudrick sote ni askari wa wanyamapori kwenye kampuni binafsi inayolinda pori linalopakana na mashamba yetu, na tunatumia bunduki moja, kabini, yaani bunduki fupi, zamu yake ikiisha naipokea mimi. Juu yake kuna kioo cha kulengea chenye nukta nyekundu, unaiweka nukta pale unapotaka risasi ifike, lakini kwanza lazima muiseti, yaani mchague ni umbali gani risasi na nukta zikutane, na mwaka jana tulibishana sana kituoni, mimi nikasema hamsini kwa sababu mnyama wa kwetu ukimwona yuko mita arobaini, sitini, mara chache mia, Mudrick akataka karibu zaidi, mkuu wetu Bwana Abdulrahim akaamua iwe hamsini, tukaiseti hamsini, kwangu yakaisha.

Kumbe kwa mwenzangu hayakuisha. Kwenye kipimo cha shabaha nilimpita, wenzake wakawa wanamtania kwamba bunduki ni ya mkewe, yeye anaibeba tu, na akawa anacheka nao, sikujua limemkaa rohoni.

Baada ya mavuno nilikuwa zamu asubuhi, Ibrahimu, mtoto mkubwa wa jirani yetu Bi Sikudhani, anachunga ng'ombe wake ukingoni mwa pori, mara nikaona fisi anatoka kichakani mchana kweupe, anayumba, mate yanamtoka, nikajua huyu ana kichaa, na Ibrahimu alikuwa amempa mgongo. Nikampigia kelele, nikapiga goti, fisi yuko kama mita sitini kutoka kwangu, nukta nikaiweka begani, nikavuta pumzi kama tulivyofundishwa, nikapiga, nikaona vumbi linaruka mbali nyuma yake, nikapiga ya pili, vumbi tena kulekule, na fisi akawa ameshamfikia Ibrahimu amemshika mkono. Nilikimbia, Mama, sijui nilikimbiaje, nilipofika hatua chache nikaweka nukta palepale begani na risasi ikaingia palepale, fisi akaanguka, lakini mkono wa kulia wa Ibrahimu ulikuwa umeshasagika, hospitali wakampa sindano za kichaa cha mbwa na mkono wakaukata chini ya kiwiko.

Kituoni Bwana Abdulrahim akasema mbele ya watu wote, "Mikono ilikutetemeka, Naima. Kwa mwanamke ni kawaida." Mudrick alikuwa amesimama hapohapo, anaangalia buti zake.

Nyumbani nikamwambia mikono haikutetemeka, risasi zilipita juu ya mnyama, zote mbili.

"Niliibadilisha," akasema. "Niliiseti kumi, kule nyuma ya stoo."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeanza maneno yako. Na kumi ilikuwa inapiga kwenye nukta, Naima, tundu juu ya tundu. Niliwaonyesha wale wanaonitania hizo karatasi, wakanyamaza."

Nikamwambia aende kwa mkuu akaseme hayo hayo. Akanijibu, "Nikisema nafukuzwa. Wewe utapewa onyo, litapita."

Halipiti, Mama Debora, kwa sababu wiki ijayo kampuni inakaa kikao kuamua kama niendelee na kazi, Bi Sikudhani nikimwamkia anageuza uso, na mama mkwe wangu ambaye mwanawe ameshamweleza kila kitu ananiambia mke mwema anafunika aibu ya mumewe. Mudrick anakula, analala, anaamka anakwenda kazini. Namwangalia akivaa sare natamani kumrushia kikombe. Nimweke wazi mbele ya kikao, baba wa watoto wangu, au nikubali kuitwa mwanamke wa mikono inayotetemeka mpaka kufa?

Naima, Kolo


Marahaba, Naima (majina ya wahusika tumeyabadilisha). Pole sana. Pole iliyo kubwa zaidi ni ya Ibrahimu. Nikishasema hayo, nina ugomvi na wewe.

Umeniandikia hasira kurasa tatu, na hakuna mstari hata mmoja unaosema bunduki hiyo sasa iko wapi. Ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya kuandika jibu hili. Ukaniambia, "Mudrick ametoka nayo doria." Nikakuuliza kama imerudishwa hamsini. Ukasema hujaigusa, mmegombana, hamzungumzi. Yaani ninyi wawili, watu pekee kituoni mnaojua kwamba bunduki inapiga juu, mmenuniana chumbani huku inabebwa kila siku kwenda kulinda watu. Nilikuambia hilo halisubiri gazeti. Ulikwenda kwa mkuu siku ileile, ukamwambia inapiga juu bila kusema nani aliigusa, ikafungiwa stoo. Ulifanya vizuri. Ulichelewa, lakini ulifanya.

Mimi si mtu wa bunduki, kwa hiyo nilimtafuta Mzee Geofrey, mkufunzi mstaafu wa shabaha, yuko Miyuji. Alisikiliza mpaka mwisho, akakasirika kuliko mimi. Anasema kioo kimekaa juu ya mtutu kama upana wa vidole vinne, kwa hiyo risasi inaanzia chini ya nukta na kupanda kuifuata. Ukilazimisha zikutane mita kumi, inapanda kwa kasi na haiishii hapo. Kwenye sitini iko juu ya nukta kiasi cha rula ya shule, na fisi hana kimo cha kusamehe hivyo. Ukiiseti hamsini inapanda taratibu, inabaki karibu na nukta hata ukivuka mia. Wanaobishana hamsini au mia, anasema, wana hoja, tofauti ni ndogo, kituo kichague moja na kila anayeishika ajue. Kumi kwa pori la wazi si chaguo. Ni kujifurahisha na matundu kwenye karatasi.

Kwa hiyo mikono yako haikutetemeka. Ulilenga sawasawa. Hilo lishike.

Lakini na wewe ulikuwa unapokea bunduki kutoka kwa mumeo kama unapokea sufuria. Mapenzi hayaingii kwenye makabidhiano ya silaha. Mzee Geofrey anasema mkishaiseti, pigeni mstari mwembamba wa rangi kwenye skrubu za kile kioo, ukiona mstari umehama unajua imeguswa, na huitoi nje mpaka ipigwe upya kwenye karatasi. Anza na hilo, awe ni mumeo au ni malaika.

Sasa kikao. Utasema ukweli, wote, na jina la aliyebadilisha. Usijieleze kwa machozi. Omba bunduki itolewe stoo kama ilivyo, asiiguse mtu, ipigwe mita hamsini mbele ya Bwana Abdulrahim, naye mwenyewe aishike akitaka. Matundu yatakapotokea juu, aliyesema habari za wanawake atajua la kusema au atanyamaza. Na kabla ya kikao nenda kwa Bi Sikudhani. Akikugeuzia uso, sema hivyo hivyo akiwa amegeuka. Mwanawe amepoteza mkono, ana haki ya kuujua ukweli kutoka kinywani kwako, si kwa watu wa kisimani.

Mama mkwe mwambie kwa heshima kwamba aibu ya mume inayofunikwa ni ya kukoroma au kuunguza ugali. Hii ina mtu hospitalini.

Habari za kuachana usiziamue wiki hii. Mtu mwenye hasira kama yako anapaswa kuamua jambo moja kwa wakati, na la kwanza ni kikao.

Nawe Mudrick, najua utalisoma hili. Uliona haya kuchekwa na wenzako, ukabadilisha silaha kimyakimya, na mkeo alipolaumiwa kwa kosa lako ukaangalia chini. Kazi huenda ukaipoteza, sikudanganyi. Watoto wako watakula, mama yao ana mshahara, mradi usimpokonye na huo. Bwana Abdulrahim yuko ofisini leo. Nenda peke yako, usingoje mkeo akutaje.