Bonareri na Jicho Tulilokataa Litolewe

BONARERI RATEMO, 1969 – Agosti 1973

Mwaka umetimia, Bonareri, tangu tukulaze kando ya migomba hapa Suneka. Ulikuwa na miaka mitatu na miezi minane. Watu wanasema tumeshapoa. Hatujapoa.

Ulipenda kufukuza kuku kwenye wimbi ulioanikwa, ukiwatukana kwa matusi uliyoyaokota kwa bibi yako. Mgeni akija, ulimshika mkono ukampeleka hadi kitini, hata kama hakutaka kukaa.

Mama yako Kwamboka ndiye aliyeuona kwanza weupe ndani ya mboni yako ya kushoto. Majirani wakaliita jicho la paka, wakacheka. Kisha likaanza kwenda upande. Daktari wa misheni alilimulika, akaniita nje. "Mwalimu, hii ni saratani. Tukilitoa jicho wiki hii, mtoto anaweza kupona. Mkichelewa, itaingia kichwani."

Nami baba yako, mwalimu mzima, nikaenda kuitisha kikao cha ukoo.

Babu yako Nyangau ni omobari, mpasuaji wa vichwa anayejulikana hadi Nyamira. "Nimefungua mafuvu, watu wakaamka wakalima," alisema. "Sijamwondolea mtu kiungo. Mtoto wa boma hili hatazikwa akiwa pungufu." Mama yako alilia. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa sikutaka kumpinga baba mbele ya watu. Huo ndio ukweli, na ninauandika mwenyewe.

Miezi minne baadaye jicho lilikuwa limevimba, limetokeza nje, nawe umeacha kula. Tulipokurudisha misheni, daktari hakutugombeza. Alikupa dawa ya maumivu tu. Basi tulikuzika kamili. Wenye kikao walikuja matangani, wakala, wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mungu gani? Daktari alisema, sisi tukakataa.

Mwezi wa nne mwaka huu mama yako aliona weupe uleule kwa mdogo wako Machogu. Hakuniambia. Alimfunga mgongoni, akaenda misheni peke yake, akaweka kidole gumba kwenye karatasi ya kukubali upasuaji. Nilipofika na babu yako, jicho lilikuwa limeshatolewa. Mzee akainua mkongojo. Kwetu mke hamkazii macho baba mkwe. Kwamboka alimkazia.

"Nipige tu, baba. Lakini huyu ndiye atakayenizika mimi."

Mzee akaushusha mkongojo bila kumpiga. Daktari anasema Machogu amepona.

Unakumbukwa na baba yako Ratemo, mama yako Kwamboka, mdogo wako Machogu, bibi yako Nyanchera, na babu yako Nyangau, ambaye siku hizi haitwi tena kupasua mtu, kwa kuwa anakataa. Tutakukumbuka kila Machogu anapocheka, maana na wewe leo ungekuwa unacheka.