Protas Wekulo na Sheria Isiyo Yake

Mwaka mmoja umezunguka sasa, Protas, tangu tukulaze kwenye shamba lako, kando ya ua wa mikaratusi. Tungependa kukwambia kwamba huku kwetu mambo ni shwari na watu wanakutaja kwa heshima. Kukutaja wanakutaja. Heshima ndiyo hatuioni. Yule bwana aliyekuangusha kwenye kura kwa kukuita mbunge wa makaratasi sasa anatembea na jina lako mdomoni kama peremende, na ndiyo sababu tangazo hili limekuwa refu kuliko mengine yaliyo karibu nalo gazetini. Utatuvumilia.

Kwa wasiokujua, ulikuwa mbunge wetu kwa muhula mmoja. Ulizaliwa Sirisia, ukaletwa huku upande wa Kitale ungali mtoto, ukasomesha darasa la nne kwa miaka mingi, ukamwoa Sellah, mkamzaa Nelima. Ulipenda chai ya maziwa bila maji na ugali unaochoma vidole. Ulikuwa mkaidi, hilo hatufichi. Ukishaamua jambo, Sellah alikuwa anatoka nje kwenda kukata nyasi za ng'ombe, kwa sababu kubishana nawe ilikuwa ni kupoteza jioni nzima.

Wenzako walikuwa wakirudi kutoka Bunge na msururu wa magari. Wewe ulikuwa unarudi, asubuhi yake unavaa gambuti na kushuka mpaka pale barabarani watu wanapongojea lori la maziwa. Hapo ndipo palipokuwa na mikutano yako. Hakukuwa na hema, wala jukwaa, wala akina mama wa kucheza waliovalishwa fulana za njano. Ulikuwa unasimama katikati ya mitungi na kusema, "Wiki hii tumejadili hivi na hivi. Mnaonaje?" Nao walikuwa wanakwambia wanavyoona, tena bila adabu. Ulitukanwa hapo mpaka lori likafika. Juma lililofuata ulikuwa unarudi Nairobi na yale yale waliyokwambia, ukiyatoa matusi tu.

Kisha kuna habari ya matanga. Kila mtu wa huku anajua mwanasiasa akifika matangani kinachotokea. Jeneza linawekwa juani, padre anakunja kitabu, maiki inachukuliwa, na marehemu anangojea zamu yake kwenye mazishi yake mwenyewe. Wewe ulikataa. Ulikuwa unaingia kwa mlango wa nyuma, unamsalimia mjane, unaenda kukaa kwenye kuni pamoja na akina mama wanaomenya viazi, unakula mahenjera, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kwa kijiko cha kuazima, unarudi nyumbani. Wakikuletea maiki unasema, "Leo ni siku ya marehemu." Basi.

Watu waliumia sana! "Ati mbunge gani haongei?" "Anaringa huyo." "Si heri tungechagua redio?" Hata ndugu zako mwenyewe walikuja kukuomba useme hata kidogo, usalimie tu, bana, watu wasikie sauti. Ukawaambia sauti yako iko Bunge, wawashe redio.

Na ilikuwa huko kweli. Sellah anaukumbuka vizuri ule msimu mbegu zilipokataa kuota. Mvua ilinyesha vizuri, watu walipanda mapema, pakiti zilikuwa na kila muhuri unaotakiwa, na shamba likabaki jekundu. Jerop wa Kachibora, ambaye hamkuwa na undugu naye wowote, alikupigia simu akilia. Ulienda. Ulipiga magoti kwenye tuta lake na suruali ya kanisani, ukachimba kwa vidole, ukatoa punje iliyooza, ukaifumbata mkononi mpaka ikapondeka. Jerop anasema hapo ndipo alipojua umekasirika.

Kutoka kwa hasira hiyo ulileta mswada wako. Ulikuwa na mambo mengi ndani yake ya kisheria ambayo Sellah hakuyafuata, lakini moja kila mkulima alilielewa na kulipa jina: kupanda tena. Anayemuuzia mtu mbegu iliyokufa atampandia upya shamba lake. Alete mbegu nyingine, alete mbolea, alipie na trekta. Hilo tu. Uliusimamia kwenye kamati, ukausimamia Bungeni, wenzako wakicheka ulimi wako wa Bungoma na wengine wakisinzia waziwazi. Sellah alikuwa jikoni akichambua maharagwe, redio iko dirishani, akasikia Spika anakutaja. Alitoka nje akawaambia kuku, maana hakukuwa na mtu mwingine, "Huyo ni yeye!"

Mswada ulisomwa mara ya pili, ukapita. Kabla ya kusomwa mara ya mwisho Bunge likavunjwa, na Bunge likivunjwa miswada ambayo haijamalizika inakufa nalo. Ukaja kwetu kuomba kura ukamalize kazi. Tukakunyima.

Tukamchagua Mheshimiwa Lumonya. Huyu hakosi matanga. Anakuja na vipaza sauti vyake mwenyewe juu ya gari, asije akafika mahali pasipo na umeme dunia ikamkosa. Mazishi mawili kwa siku, na pengine matatu. Kule ng'ambo ya mto aliwahi kusimama mbele ya jeneza la mzee mwenye ndevu na wajukuu, akalia machozi kabisa, akasema, "Huyu mama alinilea kisiasa!" Watu walicheka wakashika mbavu, halafu wakampigia kura. Huko Bungeni tangu aende hatujamsikia. Sellah alikuwa akiwasha redio, akingoja angalau akohoe. Siku hizi anasikiliza nyimbo za kwaya.

Basi, Protas, ulipozikwa, Lumonya aliongea kwenye jeneza lako mpaka mvua ikaja. Wewe uliyekataa maiki maisha yako yote! Tuliona aibu kwa niaba yako, lakini tulikuwa na machozi na hatukuwa na nguvu ya kugombana. Hilo tulilimeza.

Tulidhani amemaliza. Kumbe ndiyo alikuwa anaanza. Uchaguzi mwingine unakaribia, wakulima wanamuuliza amefanya nini, naye amegeuza kichwa huku na huku akaona hana hata kimoja, akakumbuka mswada wako. Akaufufua. Tungeshukuru, lakini kabla ya kuufufua aliutoa meno. Kupanda tena hakumo. Mahali pake wameandika kwamba mkulima aliyepata hasara atapeleka malalamiko mbele ya kamati, nayo kamati itayatafakari. Jerop aliposomewa hayo aliuliza, "Hiyo kamati itanipandia mahindi?" Waliokuwa wanauza mbegu mbovu wanaweza kulala usingizi mzito.

Sasa wakulima waliununia. Hapo ndipo Lumonya alipogundua kwamba mswada unahitaji jina. Akaja hapa nyumbani na sukari na leso, akakaa kwenye kiti chako bila kukaribishwa, akamwambia Sellah, "Mama, tunataka iitwe Sheria ya Wekulo. Ni heshima kwa Mzee. Wewe utasimama kando yangu siku ya kuweka msalaba kaburini, useme tu familia imekubali."

Sellah akamuuliza, "Na kupanda tena iko?"

"Hiyo tutaileta baadaye, mama. Siasa ni polepole. Kwani jina si ni jina tu?"

Msomaji atauliza kwa nini Sellah hakumtoa kwa ufagio hapo hapo. Ni kwa sababu ya Nelima. Nelima alihitimu ualimu zamani na hajawahi kuandikwa na serikali; mume alimwachia watoto akapotelea Mombasa. Wiki chache kabla ya ile sukari, Lumonya alikuwa amempa kazi kwenye ofisi yake hapo Kitale, ya kupokea wageni. Watoto walikuwa wamerudi shule. Nelima alikuwa ameanza kucheka tena. Sellah akaiangalia ile leso, akamfikiria mtoto wake, akasema, "Nitaongea na Nelima." Hakuongea naye. Aliogopa. Akiliuza jina lako, wakulima watashikishwa sheria mbovu kwa sababu ni wewe, na wewe walikuamini hata wale waliokunyima kura. Akikataa, wajukuu wako watafukuzwa shule. Alitembea na jambo hilo kifuani kama mtu aliyemeza jiwe, na sisi tukadhani ni huzuni yako tu.

Jumamosi tukaweka msalaba. Tulifanya kama ambavyo ungetaka: hatukukodi maiki. Katekista aliomba kwa mdomo wake, tukaimba, dada yako Nakhumicha akapaka chokaa mawe ya kaburi. Kuku walikuwa wameiva. Ndipo tukasikia vipaza sauti vinakuja kutoka upande wa Kiminini, vikipiga nyimbo za injili kwa sauti ya kuua ndege. Lumonya alishuka na suti ya kijivu, mpiga picha mbele, wapambe nyuma wamebeba bango lenye uso wako na uso wake. Wako ulikuwa mdogo.

Akahubiri. Akatueleza ulivyokuwa rafiki yake, ulivyokuwa ukimpa ushauri, ulivyomwachia kazi ukimwambia, "Umalizie wewe, kijana wangu." Uongo mtupu, na anauongea mbele ya watu uliokula nao! Mwisho akanyoosha mkono. "Mama Sellah, njoo uwaambie watu wako."

Sellah hakuinuka. Si kwamba alikuwa jasiri. Anasema mwenyewe kwamba kama angeinuka hajui angesema nini.

Lumonya akatabasamu. Akamtafuta Nelima kwa macho, akampata penye masufuria. "Basi Nelima atasema kwa niaba ya familia. Huyu ni mfanyakazi wangu, mnamjua. Njoo, mama yangu, usiogope."

Nelima akajifuta mikono kwenye leso aliyojifunga, akaenda. Watu wote walijua kazi ya mtoto inatoka wapi. Akina mama waliacha kupakua. Sellah aliinamisha kichwa, akaomba, na hakuwa akiomba akatae. Tunakwambia kwa sababu ametutuma tukwambie. Alikuwa akiomba akubali, watoto wale wapate kula, nawe umsamehe huko uliko.

Nelima akaishika ile maiki vibaya, ikapiga kelele, akaiweka sawa.

"Mimi sijui kuongea," akasema. "Mheshimiwa amenipa kazi, nashukuru. Lakini hii sheria si ya baba. Ya baba ilikuwa na kupanda tena. Hii haina. Kama ni nzuri hivyo, Mheshimiwa, si uiite jina lako?"

Akamrudishia maiki kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama anavyompa mgeni kikombe cha chai. Akarudi kwenye masufuria.

Kisha Jerop, aliyetoka Kachibora na kuku wawili kwapani, akasema kwa sauti, "Umesikia, Mheshimiwa?" Watu wakaanza kucheka, na safari hii hakuna aliyeshika mbavu, kilikuwa kicheko kikavu, cha kumwonyesha mtu lango. Lumonya akasema vijana wa siku hizi wana shida, akasema ana matanga mengine Webuye. Akaondoka bila kula. Bango walilisahau, na Nakhumicha amekata upande wake akafunikia kuni. Upande wako uko sebuleni.

Jumatatu Nelima alifika ofisini Kitale akakuta mtu mwingine kwenye kiti chake. Hakupewa hata sababu. Jioni ya siku hiyo hiyo Lumonya alikuwa redioni, macho makavu, akisema familia ya marehemu Wekulo imebariki Sheria ya Wekulo kwa machozi ya furaha. Ndiyo maana tumelipia nafasi hii.

Kwa hivyo kila mkulima atakayesoma ajue: hatukubariki kitu. Siku utakayouziwa mbegu iliyokufa, ukaenda kudai, ukaambiwa uandikie kamati, usimlaumu Protas. Mtafute Lumonya. Hutamkosa, atakuwa matangani.

Sellah amembembeleza Nelima amsamehe kwa lile ombi la Jumamosi. Nelima alimwangalia, akamwambia, "Mama, hata mimi nilienda pale nikitaka kukubali. Nilifika na maneno ya kukubali mdomoni." Wakalia wote wawili. Sasa Nelima anapalilia mahindi ya watu kwa kibarua, mama yake kwenye mstari wa pili, na mtoto wa mwisho wa Nelima yuko nyumbani kwa sababu karo haijatimia. Inauma, Protas. Hatutakudanganya kwamba haiumi. Wakiwa shambani watu wanaopita barabarani wanasimama na kumwamkia, na hawamwiti tena Nelima wa ofisi. Wanamwita binti ya Wekulo.

Wanaokukumbuka ni mkeo Sellah. Binti yako Nelima na watoto wake. Dada yako Nakhumicha na watu wote wa Sirisia. Jerop na jamaa wa Kachibora. Na wale wa lori la maziwa, ambao wameomba tuandike kwamba wanajuta. Mheshimiwa Lumonya hayumo, hata akiuliza.

Pumzika. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu, na jina lako hatujamwuzia mtu.