Barua Niliyojiandikia

Mwenzangu, pokea simu! Haya, basi soma.

Nimefukuzwa kazi. Na barua ya kunifukuza nimeiandika mimi mwenyewe.

Unakumbuka jana Mheshimiwa alisema wauguzi wanalala kazini? Yale maneno hayakuwemo kwenye hotuba niliyomwandikia. Aliyatoa kichwani mwake, na debe tupu haliachi kuvuma. Leo wauguzi wamejaa getini, naye anawaambia waandishi wa habari, "Aliandika msaidizi wangu." Mimi nimesimama nyuma yake, nimemshikia miwani!

Tukaingia ofisini. Nikadhani ataniomba radhi. Radhi! Akasema, "Binti yangu, niandikie barua ya kukuachisha kazi. Iwe kali kidogo, wewe lugha unaijua."

Binti yangu! Miaka minne namwandikia kila kitu, hadi salamu za kumpongeza mkewe siku ya kuzaliwa.

Nikaandika kwa hasira. Mzembe, haaminiki, ameniaibisha mbele ya wananchi. Kila neno nilikuwa namsema yeye.

Akavaa miwani, akasoma taratibu, kidole juu ya karatasi. Akatikisa kichwa. Unajua alisema nini? "Kumbe nilikuwa nafuga mtu wa namna hii!"

Nafuga!

Akatia saini. Nafika mlangoni, akaniita. "Na hotuba ya kuwaomba radhi wauguzi je? Naisoma saa kumi."

Mzee mzima, hana hata chembe ya haya.

Sasa nimekaa kwenye ngazi za ofisi. Usinicheke. Nimefika ukurasa wa pili.