Mama Wawili, Kitanda cha Mgeni Kimoja

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya pili melini. Hii si meli, ni mtaa mzima unaoelea: lifti, saluni, hata duka la viatu! Aliyelipa ni mume wa binti yangu, Mungu amzidishie. Ila katuweka chumba kimoja, mimi na mama yake mzazi. Kimoyomoyo namwita Mama Sufu, maana sindano za kufumia hazimtoki mkononi.

Leo kwenye chai binti yangu katwambia: akijifungua mwezi wa kumi, mama mmoja tu ndiye atakayekwenda kukaa naye. Chumba cha mgeni kimoja, kitanda kimoja. Atatwambia ni nani kabla safari haijaisha. Nikacheka kama hakuna neno. Hakuna neno! Huyo nimemzaa mimi. Nani mwingine wa kumkanda mgongo?

Jumanne, 10 Juni

Jua la huku kaskazini halitaki kwenda kulala. Simu ndiyo inayonambia Magharibi imeingia, na nje kweupe pe.

Tukimaliza kuswali, Mama Sufu ananiombea dua kwa jina langu. Kwa jina! Angekuwa mbaya kidogo ningepumua.

Jumatano, 11 Juni

Kofia ya mtoto aliyokuwa akiifuma Mama Sufu imekwisha. Ndogo, ya manjano, kama nusu chungwa. Binti yangu kaivisha ngumi yake, kaibusu. "Mama, fuma na soksi basi!" Nikageuka kuitika. Kumbe mama anayeitwa si mimi.



Alhamisi, 12 Juni

Tumefunga gati. Mji mdogo wa kaskazini, ungeweza kuukunja ukautia mkobani. Nyumba za mbao, nyekundu na manjano, zimeegemea mlima. Barabara moja, inanuka samaki wakavu na rangi mbichi. Mwezi wa sita huu, na pumzi inatoka moshi!

Binti yangu miguu ilivimba, mumewe akamrudisha mapema. Akatuachia maneno: simu hazishiki huku, ngazi inapandishwa saa kumi na nusu, meli haimngojei mtu.

Hatua chache tu—duka la sufu. Nilijua nimekwisha. Mwenye duka ni mama wa makamo, mashavu mekundu. Hajui neno letu hata moja, wala Mama Sufu hajui la kwake. Wanaelewana kwa sindano! Wanaonyeshana mishono, wanapigana vikofi vya mabega, mara kahawa inaletwa. Mimi nimesimama mlangoni kama mwavuli. Nikasema natembea kidogo.

"Haya dada. Saa kumi kwenye benchi la gatini. Asipande mtu bila mwenzake, eh?"

"Eh."

Nimetembea mpaka barabara ikaisha, na haikuchukua muda. Kila dirisha nililopita nilimwona yeye na mjukuu wangu mapajani. Saa kumi kasoro robo nikafika kwenye benchi. Sikukaa. Nikapanda ngazi. Nilijiambia mtu mzima hashikwi mkono.

Kwenye korido nikakutana na binti yangu. Akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nikamwambia yuko chumbani, kajinyoosha. Uongo wa mchana kweupe, na udhu ninao!

Nimekaa kitandani naandika ili mikono iwe na kazi. Saa kumi na dakika ishirini. Nilidhani atakuwa ameshapanda.

Hajapanda. Namwona kwa kidirisha hiki. Kakaa kwenye benchi, mifuko miwili mapajani, shingo kaielekeza mjini. Baharia kamwendea, kamwonyesha ngazi, kamwonyesha saa. Anatikisa kichwa. Ananyoosha kidole kimoja, kisha anaonyesha kule barabarani—bado mmoja. Baharia kamshika kiwiko. Kajitoa! Karudi kukaa, kakumbatia mifuko yake.

Mimi ndiye ninayengojwa.

Nikishuka nitasema nilikuwa wapi? Na nisiposhuka—

Honi. Hata glasi ya maji imetetemeka.

Na sasa mlango unagongwa. Binti yangu. Sauti imejaa furaha, kama siku ile alipokuja kunambia ana mimba.

"Fungueni basi, mama zangu. Nimeshaamua."