Angel Hatapata Kipaimara Mwaka Huu

Magamba,
Lushoto.
14 Julai 2024

Mpendwa kaka Aron,

Shikamoo. Hamjambo wewe, wifi Happiness na mtoto wenu Edgar? Huku baridi ya Julai imetushika kwelikweli. Ukungu unaondoka mchana na moto jikoni hauzimwi. Viazi tumeshavuna. Mama, kule Mlola, kifua chake kimetulia, anakula na kugombeza watu kama zamani. Mimi mwili ni mzima.

Moyo ndio si mzima, na ndiyo sababu nimeona niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungekata ukidhani ni mtandao.

Mwanao Angel hatapata kipaimara Novemba hii. Najua umeshaomba ruhusa kazini ili uje. Nimetaka uyasikie kwangu, shangazi yake, kabla mtu mwingine hajakueleza.

Mwezi wa Nne, masika yalipokolea, niliwakataza vijana wangu wa darasa la kipaimara wasiende kwenye maporomoko ya maji kule msituni. Mawe yalikuwa yanateleza vibaya. Niliwaahidi kwamba kiangazi nitawapeleka mwenyewe. Jumamosi moja nikaitwa Mlola, Mama kazidiwa. Darasa nilimwachia Angel, awasomee wenzake Biblia mpaka saa ya kutawanyika. Nilimpa na ufunguo wa kanisa. Nani mwingine ningemwamini? Tangu mama yake atutoke nimemlea kama niliyemzaa.

Alifunga kanisa akawaambia wenzake kwamba nimepiga simu na kuwaruhusu waende. Wakaenda. Jofrey, mtoto wa rafiki yangu Secilia, aliteleza kule juu ya mawe akavunjika mfupa wa paja. Wenzake walimbeba kwa zamu hadi barabarani, ndipo akapata gari la kumfikisha hospitali.

Kaka, hadi hapo ningesema ni utoto. Lililofuata ndilo lililoniumiza.

Wazee wa kanisa walituita. Mzee mmoja akamuuliza Angel aliyewaruhusu ni nani. Hakutazama chini. Alinitazama mimi.

“Shangazi alisema twende,” akajibu.

Nilikana. Lakini vijana wote walikuwa wamesikia hivyo kwake, kwa hiyo wote walisema hivyohivyo. Wazee wakaona mtu mzima anamsingizia mtoto. Nikasimamishwa kufundisha. Secilia, ambaye tumelima naye bega kwa bega miaka yote hii, akawa ananipita sokoni kama anapita kisiki.

Na Angel tulikuwa naye nyumba moja. Alinichemshia maji ya kuoga, alinitengea chakula, alinisalimia shikamoo kila asubuhi. Jumamosi alikaa kwenye darasa langu akifundishwa na mwalimu mwingine. Nilimwomba tukiwa peke yetu aseme kweli. Alinijibu kwamba ameshasema. Nilikuwa nikimtazama anakula ugali wangu, nikajiuliza huyu ni mtoto wa nani.

Aliyeniokoa ni Jofrey. Alipoanza kutembea kwa magongo alifuatana na mama yake sokoni, akaona jinsi Secilia anavyonipita bila salamu. Walipofika nyumbani akamwambia mama yake kwamba siku ile njiani Angel alimnong'oneza yeye peke yake kwamba watembee upesi, warudi kabla Shangazi hajarudi kutoka Mlola, asije akajua. Angel alikuwa amemsihi asiseme, naye akanyamaza kwa urafiki. Secilia alimpeleka moja kwa moja kwa Mchungaji Silvano.

Mbele ya wazee Angel alikubali kosa. Tulipofika nyumbani ndipo nilipomuuliza kwa nini.

“Niliogopa Baba akisikia asije,” akasema.

Jibu la hilo, kaka, si langu. Nakuachia wewe.

Mzee mmoja alikuja kuniomba radhi. Wengine wananisalimia kana kwamba hapakuwa na jambo. Secilia aliniletea kabichi, tukaketi jikoni tukaikata pamoja. Nimemsamehe, ila maneno yetu bado hayajarudi.

Mchungaji aliamua Angel arudie mafundisho mwaka mzima, akaniuliza nina maoni gani. Nilikubali, kwa hiyo usimlaumu yeye. Jofrey huenda akachechemea maisha yake yote, na vijana wote wanajua ni kwa sababu gani. Angel angesimama madhabahuni kama hakuna kilichotokea, ningefundisha nini tena?

Nimerudishiwa darasa. Jumamosi iliyopita somo lilikuwa Adamu na Hawa. Niliwaeleza kwamba kutotii hakuishii kwenye tunda. Baada ya tunda walijificha, na baada ya kujificha wakaanza kumtupia lawama mwingine. Angel, aliyekuwa ameketi nyuma, akanyoosha mkono.

“Mungu alipowafukuza bustanini, alikuwa hawapendi tena?”

Nilimwambia asome mwenyewe mbele kidogo. Akasoma kwamba Mungu aliwafanyia mavazi ya ngozi akawavika, ndipo akawatoa. Kuwatoa aliwatoa. Lakini hakuwatoa uchi.

Nami najitahidi, kaka. Sijamfukuza. Nimemfulia sweta lake la shule, nampikia, namsikia akilia chumbani. Kumwamini bado sijaweza, na sitakudanganya kwamba naweza.

Ila wewe njoo. Hiyo ruhusa ya Novemba usiirudishe kazini. Hakutakuwa na sherehe wala wageni. Njoo umwone mwanao mwaka alioharibu, ajue kwamba unakuja hata hivyo.

Mama anakusalimu, anauliza kama huko mliko mnapata viazi. Secilia na Jofrey wanakusalimu. Mpe wifi Happiness salamu zangu, na Edgar umbusu kwa ajili yangu. Mungu aliyekuweka salama huko mbali akuongoze mlimani kwetu.

Mimi dada yako nikupendaye, hata katika uchungu huu,

Esteria