Gundi ya Kioo cha Bashiri

Jumatatu, 4 Oktoba 1993

Zimefika! Saa nne asubuhi lori la Mbeya limeshusha kasha mbele ya duka jipya la Bashiri. Gundi za aina tatu, kila moja na karatasi yake ya Kiingereza. Barua ya kuziagiza niliitunga mimi, kwenye baraza ya mahakama ninapowaandikia watu maombi yao. Aya yake ya pili haikuwa na dosari.

Bashiri anataka uso wote wa duka uwe kioo, kilichogundishwa juu ya fremu ya chuma. Mbao hataki — mvua za Kyela huzivimbisha, mchwa humalizia. Kioo ni kimoja tu, kirefu kunizidi, na barabara ipo miguuni pake. Akaninyooshea kidole: wewe ndiye unayezisoma hizo karatasi, Karani, basi wewe ndiye utakayechagua na kutia sahihi. Kikimwangukia mtu, jamaa zake nitawaelekeza kwako.

Nimekubali. Kamusi iko mezani.

Jumatatu, 11 Oktoba

Wiki ya majaribio. Niliokota mabaki ya chuma, nikayasugua mwenyewe kwa msasa, nikagundisha vipande vya kioo.

Ya kwanza, ya kuchanganya vichupa viwili, iliganda kama jiwe. Nikashangilia mapema. Jua la saa saba likakichemsha chuma, chuma kikatanuka, gundi ikagoma kutanuka nacho — paa! Kioo kikapasuka. Ya pili, silikoni inayonuka siki: kandokando yake chuma kimeota kutu. Siki hula chuma!

Ya tatu ni silikoni isiyonuka siki, laini kama mpira. Nimeitundikia debe la mchanga tangu juzi, haikutikisika. Na karatasi yake — nimeirudia mara nne — yasema huganda kwa unyevu wa hewa. Unyevu! Kyela hii, ambamo viatu vya ibada huota ukungu kabla ya Jumapili ya pili! Nimecheka peke yangu. Mke wangu Felista akauliza nimekunywa kwa nani.

Jumanne, 19 Oktoba

Fedheha. Aliko, fundi wa kuchomelea kutoka Ipyana, alileta fremu yenyewe juma lililopita. Niligundisha kipande cha kujaribia. Leo kimebanduka chote kama ganda la ndizi. Gundi imeng'ang'ania kioo, chuma kimebaki kinang'aa. Kinang'aa kupita kiasi. Nikapitisha kidole, nikanusa.

Mawese!

Aliko hakuona haya. Kila chuma kitokacho karakana yake hukipaka mawese, kama baba yake alivyoyapaka majembe. Chuma kikavu hapa kwetu, Karani, kesho ni kutu. Ulitaka nikuletee kikiwa uchi mbele za watu?

Nilikusudia kumkaripia kwa maneno yaliyopangika. Kicheko kikanishinda, naye akacheka hadi akaketi chini. Tumesugua kwa msasa, tukafuta kwa spiriti, kitambaa kipya kila mara, mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Nimegundisha upya.

Jumatano, 27 Oktoba

Imeshika! Tulining'iniza debe la mchanga, kisha Aliko akaning'inia mwenyewe. Ndaga fijo, asante sana ya Kinyakyusa, alipiga kelele akiwa hewani, andika na hilo!

Nimeliandika.

Jumatatu, 1 Novemba

Kioo kimepanda. Wanaume wanane, magunia mikononi, hakuna aliyepumua. Kwa nje tumekiegemeza kwa mianzi sita iliyofungwa kamba. Nimebandika tangazo kwa hati kubwa: MIANZI HII ISIONDOLEWE KABLA YA SIKU 21. Chini yake sahihi yangu, kamili.

Watu wanasimama kujitazama. Mama mmoja amekiamkia kivuli chake. Sijapata kuona kitu kizuri kama hiki kikitokana na barua!

Ijumaa, 12 Novemba

Siku ya kumi na moja. Bashiri amealika watu kwa ufunguzi baada ya sala bila kuniarifu. Mgeni rasmi yuko njiani. Bashiri ameniuliza kwa sauti ya kusikika: mgeni anakuja kufungua duka au banda la ng'ombe? Toa mianzi! Si wewe uliyesema hewa ya Kyela inaigandisha gundi?

Nimejibu: ndiyo, kuanzia kingoni kwenda ndani, polepole. Asubuhi nilichomeka ncha ya kisu. Juu imekauka. Ndani bado inanata.

Mvua imeanza. Wageni wote wamekimbilia chini ya bati, kanzu na vitenge, migongo imegusa kioo. Wanacheka. Nimewasihi wasogee, wamesogea kwa dakika moja.

Naandika haya nimeketi kwenye kitako cha mwanzi wa kwanza. Sinyanyuki. Aliko ana panga la kukatia kamba mkononi, ananitazama mimi, hamtazami Bashiri. Ameninong'oneza: sema neno, Karani, mimi sikati mpaka useme.

Bashiri amekuja na mwamvuli, ameinama. Kwa mara ya kwanza ameniita Hezroni. Sauti ya chini, ya upole kabisa. Hiyo mbili kwenye tangazo lako, ndugu yangu, ifanye moja. Tarakimu moja tu. Fundi akiiona atakata. Kalamu si unayo?

Ninayo. Gari la mgeni limekata kona pale sokoni. Ninayo mkononi, wino umejaa, na kwayo naandika haya; tangazo sijaligusa.